Tamasha la jazz la bure Detroit: mama anadhani ni dansi. Nimwambie?

MWANA WA PANGANI (Lansing, Michigan)

Wakubwa shikamooni, rika langu habari za kazi.

Mama yangu mzazi yuko kwangu tangu mwezi wa sita, na tiketi yake ya kurudi ni katikati ya Septemba. Mpaka leo Marekani aliyoiona ni jikoni kwangu, duka la Wahindi, na maegesho ya kazini kwangu wiki ile gari la mume wangu lilipokufa. Mimi nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, mchana nalala. Mume wangu yuko ghalani. Kwa hiyo mwenzangu mmoja aliponiambia kwamba wikiendi ya Labor Day, sikukuu yao ya wafanyakazi mwanzoni mwa Septemba, kuna tamasha la jazz Detroit, katikati ya mji, tangu Ijumaa jioni mpaka Jumatatu na hakuna kiingilio, nikafurahi, nikalitaja tukiwa mezani. Hapo ndipo nilipojitafutia balaa.

Mama aliweka tonge chini. "Jazz? Huku nako kuna jazz?"

Niwaeleze wasiojua. Mama ana miaka 71. Kwao ni Pangani, lakini usichana wake aliupitisha Tanga mjini kwa shangazi yake, Ngamiani, barabara ya 12. Enzi hizo Tanga ina Atomic Jazz, ina Jamhuri Jazz. Kwake yeye jazz ni gitaa la solo linalolia, tumba, wapulizaji wamevaa sare, na wimbo ukifika kwenye chemko hakuna anayebaki kitini. Sasa kila akikaanga vitunguu anaimba. Juzi nimemkuta anapiga pasi gauni la shughuli, akaniuliza kama huo ukumbi una sakafu ya mbao.

Mimi jazz ya Wamarekani naijua ile ya kwenye lifti na kwa daktari wa meno.

Nisaidieni. Ni bure kweli, au ni yale ya bure ghali, unafika unakuta kiti dola hamsini? Nani anawalipa wanamuziki siku zote hizo? Mama goti la kulia linamsumbua, hasimami zaidi ya nusu saa. Watoto ninao wawili, wa miaka 9 na wa miaka 4. Tunaswali na hatuli nguruwe. Na kubwa kuliko yote: nimwambie mapema kwamba siyo dansi, au nimwache akajionee mwenyewe?

DEREVA WA WOODWARD (Detroit)

Marahaba, dada. Naipokea kwa sababu mvi ninazo. Mimi ni mtu wa Mombasa, Majengo, hapa Detroit ni mwaka wangu wa 19, na kazi yangu ni basi, kwa hiyo mji huu naujua kwa magurudumu.

Bure ni bure. Hakuna geti la tiketi, unatoka barabarani unaingia. Tamasha hili lipo tangu 1980 na wenyewe hujisifu kuwa ndilo kubwa duniani kati ya matamasha ya jazz yasiyo na kiingilio. Mbele kabisa kuna viti vya wafadhili na walionunua nafasi za heshima, hivyo msivikalie. Vilivyobaki ni vya atakayewahi.

Nani analipa? Mumeo akiwa ghalani lazima ameona lile jaketi la kahawia la Carhartt, kama halimo kabatini kwenu. Kampuni hiyo ilianzia hapahapa Detroit, mwaka 1889. Mjukuu wa mwanzilishi, bibi mmoja akiitwa Gretchen Valade, alikuwa mgonjwa wa jazz. Mwaka 2006 tamasha liliponyong'onyea akaliwekea mfuko wa dola milioni 10. Amefariki mwishoni mwa 2022, tamasha linaendelea. Wengine ni kampuni zinazoweka majina yao juu ya majukwaa, na wewe mwenyewe utakapouziwa maji.

Sasa goti la mama, hilo ndilo la kupangia safari. Tamasha liko sehemu mbili. Moja ni Hart Plaza, pale mtoni, uwanja mkubwa wa zege. Jukwaa lake kubwa limechimbiwa chini kama bakuli na watu hukaa kwenye ngazi za zege. Kushuka ataweza, kupanda je? Na zege hilo likipigwa na jua la mchana waweza kukaangia yai. Sehemu ya pili ni Campus Martius, juu kidogo kwenye barabara kuu ya Woodward, mwendo wa dakika kumi kwako na ishirini kwa mama. Huko ni tambarare, kuna miti na mikahawa imezunguka. Anzeni huko mchana, jua likilegea shukeni mtoni. Mchukulie mama mto wa kukalia na khanga ya ziada. Kabla ya kubeba viti vyenu na kapu la chakula someni masharti yao ya mwaka huo.

Gari usiliingize mjini. Nakwambia kama nduguyo. Wenye maegesho ya karibu wikiendi hiyo hutoza wanavyotaka. Liache kaskazini, upande wa Midtown au New Center, mpande QLINE, ile tramu ya Woodward, nayo haitozwi nauli. Ukikuta imekatiza safari kwa sababu barabara imefungwa, shukeni mtembee, hamtapotea, Woodward imenyooka mpaka mtoni. Watoto watataka kupanda na People Mover, kitreni kisicho na dereva kinachozunguka juu ya mji kwenye reli ya maili tatu hivi. Mimi kama dereva sikipendi, lakini watoto wangu walikuwa wakikizunguka mara tatu tatu.

Mkipotezana, kutaneni chini ya Ngumi. Ni mkono wa shaba wa bondia Joe Louis, urefu futi 24, unaning'inia pale Jefferson na Woodward. Mwoneshe mtoto wa miaka 9 mara tu mkifika. Wa miaka 4 mvalishe vifuniko vya masikio vya kuzuia kelele, na msikae mbele ya spika.

Chakula: watawaambia mle coney, soseji kwenye mkate imemwagiwa mchuzi wa nyama, haradali na vitunguu. Ndiyo sifa ya mji, lakini si yenu. Piteni kabla Dearborn, mji jirani wenye Waarabu wengi, mle halali mpaka msahau mlikokuwa mnakwenda. Magharibi siku hizo inaingia karibu saa mbili usiku, msije mkadhani imepita. Kibla hapa ni kaskazini-mashariki: ukiwa Hart Plaza elekea ile minara mirefu ya vioo ya Renaissance Center, mto uwe kuliani kwako. Nimeswali pale mara nyingi, hakuna aliyenisumbua ila njiwa.

Kuhusu mama: usimwambie. Mtu wa Tanga haambiwi kuhusu dansi. Waja leo waondoka leo, lakini siku hiyo mtaondoka usiku.

KIJANA WA HAMTRAMCK

Jazz ya wazee hiyo, dada, watoto watalala. Subirini tamasha la Movement mwezi wa tano hapohapo Hart Plaza, muziki wa tekno, ule wa mitambo, Detroit ndiko ulikozaliwa.

DEREVA WA WOODWARD

Kijana, mama anarudi Pangani Septemba, wewe unampa miadi ya Mei. Halafu Movement ina tiketi, na bei yake waijua. Ya bure ilikuwa miaka ile ya mwanzo, kuanzia 2000, ukiwa ungali unanyonya.

MAMA ESPERANCE (Grand Rapids)

Jambo dada. Siye tulienda mwaka uliopita, gari mbili, watu wa kanisa. Ilikuwa vizuri sana. Lakini nakuomba sikia hili, kwa sababu hakuna aliyelisema.

Ng'ambo ya ule mto ni Kanada. Si mbali, ni kama vile ukiwa Uvira usiku unavyoona taa za Bujumbura. Na mlango wa handaki la kwenda Kanada uko pale pale mjini, karibu na Hart Plaza. Mtoto wa dada yangu alikuwa akiendesha, simu ikamwambia kata kulia, akakata, akajikuta kwenye mstari wa handaki na hakuna pa kugeuzia. Kwenye daraja ni vilevile. Yeye karatasi zake zilikuwa bado kwenye maombi ya hifadhi. Tulikaa kwa maofisa muda wa saa nne, tunalia, watoto wana njaa, na muziki tunausikia kwa mbali. Mungu alisaidia wakaturudisha.

Mama yako ana viza ya matembezi. Akivuka bila kukusudia, kurudi kunaweza kuwa taabu. Ukiona kibao kimeandikwa Bridge to Canada au Tunnel, toka kwenye huo mstari hata kama wanakupigia honi. Tena pasi ya mama ibebe. Na simu, zima mtandao wa nje, maana pale mtoni inashika mnara wa Kanada na bili itakuja.

MZEE SANTURI (Minneapolis)

Binti yangu, nimesoma nikacheka, kisha nikaona nimtetee mama yako. Hajakosea.

Neno jazz lilifika kwetu zamani kuliko watu wanavyofikiri. Dar es Salaam Jazz Band ilianza miaka ya 30. Halafu zikaja Western Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, na hizo za Tanga. Kongo nao wana African Jazz, wana OK Jazz ya mwaka 1956, na wote hao wakipiga rumba. Neno lenyewe lilikuwa na maana ya bendi ya kisasa, yenye ala za kupuliza na magitaa, si ngoma ya kijijini. Santuri za Kuba zilipoingia, watu wakasikia mapigo ya kwao yamerudi yamevaa suti. Na hao wa Detroit babu zao walitoka pwani ileile ya magharibi ya Afrika kama wale wa Kuba. Ni ukoo mmoja, ila matawi yamelelewa na shangazi tofauti.

Kuhusu mji huo. Weusi walitoka Kusini kufuata viwanda vya magari, na mtaa wao wa starehe ulikuwa Hastings. Usiutafute, ulibomolewa ikapitishwa barabara kuu. Kilichobaki ni walimu wa muziki mashuleni. Shule moja tu ya sekondari, Cass Tech, imewatoa Ron Carter na Paul Chambers kwa besi, na Donald Byrd kwa tarumbeta. Motown, ile kampuni ya santuri, ilipoanza 1959, waliokuwa wakipiga ndani ya studio mchana ni haohao wa jazz, usiku wanarudi kwenye vilabu vyao. Kwa hiyo ukiona jukwaani bendi ya wanafunzi usiipite ukidhani ni ya kujaza muda.

Jingine la kumfurahisha mama. Mwanzoni mwa miaka ya 70 mpiga piano wa jazz Herbie Hancock na wenzake walijipa majina ya Kiswahili. Yeye Mwandishi, mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji, mpiga tarumbeta Eddie Henderson akawa Mganga, na kweli alikuwa daktari. Mpuliza saksofoni Bennie Maupin, mzaliwa wa Detroit, akajiita Mwile. Sisi tungesema mwili, lakini tusimsumbue mtu aliyetafuta jina kwa mbali hivyo.

Kusikiliza: mwambie afuate besi kwanza. Wimbo wataupiga wote pamoja, kisha kila mmoja atapewa zamu aseme lake, halafu watarudi pamoja. Mtu akimaliza zamu, anapigiwa makofi papo hapo, hasubiriwi wimbo uishe. Ni kama malumbano. Mama wa Kitanga malumbano anayajua.

MWANA WA PANGANI

Tumerudi. Asanteni wote, ngoja nitoe ripoti kabla sijaingia zamu.

Tulikwenda Jumamosi. Kutoka Lansing ni maili 90, tukaondoka saa nne asubuhi tukapitia Dearborn, mama akala kuku wa kuchoma na kitunguu saumu cha kusaga mpaka akaomba afungiwe kingine. Mume wangu akakataa habari ya tramu. "Tutapata tu pa kuegesha." Tulilipa dola 40. Dereva, nimemsomea maandishi yako kwa sauti wakati anahesabu noti.

Mama alivaa gauni la shughuli, mabega ya kusimama, na khanga juu. Watu wamevaa kaptula. Nilitaka kuona aibu lakini kabla hatujafika Campus Martius wanawake watatu wa makamo walikwishamsimamisha kumsifia. Kuna mmoja alivaa kofia yenye manyoya kama ya harusi. Mama akanigeukia: "Umeona? Waliotoka kwao wametoka."

Tukapata viti kwenye kivuli. Jukwaani kulikuwa na watu watatu, piano, besi na dramu. Wakapiga polepole, kimya kimya, yule wa piano anagusa, anaacha, anagusa. Kama dakika kumi. Mama akaniinamia sikioni: "Hawa bado wanapima mitambo?"

Nikamwambia hapana mama, ndiyo wanapiga.

"Wataanza saa ngapi?"

Mzee Santuri, nilijaribu ile ya kufuata besi. Alifuata kwa muda. Kisha akafumba macho nikajua nimemkosesha raha mama yangu mbele ya umati. Mtoto wa miaka 4 amelala. Wa miaka 9 anauliza habari ya kitreni. Ikabidi mume wangu awachukue wote wawili wakazunguke, nasi tukabaki.

Iliyofuata ilikuwa bendi ya wanafunzi wa sekondari. Sikuandika jina la shule, nisamehe. Walikuwa ishirini hivi, mashati meupe, tai nyeusi, na wapulizaji wamepangwa safu tatu. Mama akafumbua macho kabla hawajapuliza, alipoziona tu zile sare. Walipopuliza wote kwa pamoja alinishika mkono akanifinya. Sijui niseme nini zaidi. Msichana wa miaka kama kumi na sita, mwembamba, amekumbatia saksofoni kubwa kuliko kifua chake, akapewa zamu, akasema aliyokuwa nayo. Mama akapiga kelele, "Mseme huyo, mwanangu, mseme!" Mzee mmoja Mweusi aliyekuwa nyuma yetu naye akaitikia kwa kwao, na tangu hapo wakawa wanapokezana, huyu Kiswahili, yule Kiingereza, hakuna anayemwelewa mwenzake. Mwisho wa kipindi mama alikuwa amesimama. Goti lilisahauliwa. Usiku lilikumbukwa, nimelichua kwa mafuta mpaka saa saba.

Jioni tukateremka mtoni taratibu. Ngazi za Hart Plaza mama alizikataa, tukakaa juu kwenye ukingo ambako muziki unasikika vizuri na upepo unapita. Tukatembea kidogo mpaka kwenye sanamu za shaba, watu wamesimama wanatazama ng'ambo, mmoja ananyoosha kidole. Mtoto wangu akasoma kibao: ni kumbukumbu ya watumwa waliotoroka, waliovukia Kanada hapo usiku, na Detroit kwa lugha yao ya siri iliitwa Usiku wa Manane. Mama akauliza kama kule ng'ambo ndiko kulikokuwa uhuru. Nikamwambia ndiko. Akakaa akiangalia maji. Mnajua Pangani nako watu walivushwa, lakini wa Pangani walipakiwa kupelekwa Pemba na Unguja. Akasema, "Hawa walikuwa na pa kuvukia." Hakuongeza, nami sikuuliza.

Magharibi tuliswali palepale, minara mbele, mto kulia, kama ulivyoelekeza. Njiwa walikuwapo. Bendi iliyokuwa chini ilikuwa na mpiga konga, na mama alipotoa salamu tu akauliza, "Hizo si tumba?" Tukabaki mpaka mwisho. Kuna bibi mmoja alimfundisha hatua za kucheza kwenye mstari, nne huku, nne kule, geuka. Mama akamfundisha na yeye za barabara ya 12. Mume wangu amerekodi lakini kidole chake kimefunika nusu ya picha.

Mama Esperance, Mungu akubariki. Wakati wa kutoka simu ilisema kata kulia, mume wangu akawasha taa, nikaona neno Tunnel, nikapiga ukelele mpaka mtoto akaamka. Tulipigiwa honi na kila gari la Michigan.

Sasa shida iliyobaki. Katika haraka ya kukusanya vitu, khanga ya mama aliyoswalia tumeiacha pale, kwenye ukingo wa juu upande wa mtoni, karibu na zile sanamu. Dereva, najua ni kukusumbua, lakini ukipita huko kesho au keshokutwa naomba uangalie, au uwaulize wafagiaji. Ni ya zambarau na njano, korosho kwenye pembe. Gharama ya posta nitalipa mimi. Alinunua doti Tanga wiki ya safari, hii iliyopotea ndiyo aliyoipenda, na iliyobaki ameitandika kitandani anaitazama. Maandishi yake ni WA MBILI HAVAI MOJA.